Sauti ya Chini Inayobeba Wimbo

Jumapili ya Pili ya Mwaka B
Masomo: 1 Sam 3:3b-10, 19, 1 Kor 6:13c-15, 17-20, Yn 1:35-42



Injili ya Jumapili hii inatusimulia jinsi wanafunzi wawili wa Yohane Mbatizaji walivyomfuata Bwana, wakaona mahali alipokaa, wakashinda naye siku ile. Mmoja wao alikuwa Andrea. Mwinjili Yohane anapotutambulisha kwake, anasema kwamba alikuwa ndugu yake Simoni Petro. Tuitafakari namna hiyo ya kutambulishwa. Andrea ndiye aliyetangulia kumfuata Yesu. Andrea ndiye aliyemtafuta nduguye na kumleta. Petro hajaonekana bado katika habari hii, naye tayari jina lake linatumika kumweleza mwenzake. Ni kama mtu aliyejenga nyumba kwa jasho lake, halafu majirani wakamtambulisha kwa jina la mpangaji! Na yule mwanafunzi wa pili aliyefuatana na Andrea, Mwinjili hamtaji jina hata kidogo.

Ili tumwelewe Andrea vizuri, tunaomba ruhusa yenu, ndugu wasikilizaji, tuzungumze kwanza juu ya magitaa. Vijana wa kwaya zetu hapa Dar es Salaam huulizana swali moja ambalo kwa nje laonekana dogo: kwa nini mwanamuziki mwenye uwezo wa kupiga gitaa la solo, ambalo kila mtu hulisikia na kulishangilia, aamue kupiga gitaa la besi?

Jiji hili lina historia ndefu katika jambo hilo. Bendi ya NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, na kwa miaka mingi ikawachezesha watu katika ukumbi wa DDC Kariakoo kwa mtindo wake wa Sikinde. Waulizeni watu wa makamo juu ya nyimbo za bendi hizo zilizorekodiwa Radio Tanzania. Watawatajia waimbaji: Muhidin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka. Watawatajia wapiga solo: Said Mabera, na kule Morogoro, Mbaraka Mwinshehe. Kisha waulizeni: besi ilipigwa na nani? Wengi watanyamaza. Nao ndio walioicheza besi hiyo kwa miguu yao hadi alfajiri.

Basi, besi ni kitu gani? Gitaa la kawaida lina nyuzi 6. Gitaa la besi kwa kawaida lina nyuzi 4, nene zaidi, juu ya shingo iliyo ndefu zaidi. Uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida hutetema karibu mara 82 kwa sekunde. Ule wa besi hutetema nusu ya hapo, karibu mara 41. Kabla ya mwaka 1951, Leo Fender alipoanza kuuza besi ya umeme huko Marekani, mpiga besi kwa kawaida alisimama na chombo cha mbao kilichomzidi kimo. Lakini hata kabla ya magitaa, wazee wetu wa pwani waliijua kazi hii. Katika ngoma zao, chapuo hulia juu na kwa haraka, na ile iitwayo vumi huunguruma chini. Hakuna mzee aliyethubutu kusema kwamba vumi ni ngoma ya wasiojua kupiga.

Gitaa la solo hupamba wimbo. Gitaa la kati huujaza. Besi hufunga ndoa kati ya ngoma na sauti: kwa upande mmoja hushikana na mapigo, kwa upande mwingine huwaonyesha waimbaji mahali pa kukanyaga. Sauti tatu za juu zikiimbwa vilevile bila kubadilika, na mpiga besi akahamisha noti yake moja ya chini, wimbo uliokuwa wa furaha waweza kugeuka wa majonzi. Msikilizaji hatajua nini kimetokea. Atauona tu moyo wake umebadilika. Na besi ikinyamaza ghafla, wimbo hubaki unaning'inia, kama nguo iliyoanuliwa kamba.

Kwa nini basi watu huichagua? Tunaona sababu tatu, nazo zina mafundisho kwetu.

Sababu ya kwanza ni upungufu. Mara nyingi mtu huanza kupiga besi kwa kuwa nafasi iko wazi na hakuna anayeitaka. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa watu mashuhuri. Mwaka 1961, bendi ya Beatles ya Uingereza ilipokuwa ikipiga huko Hamburg, Ujerumani, mpiga besi wao Stuart Sutcliffe aliamua kuondoka. Paul McCartney, aliyekuwa akipiga gitaa na piano, ndiye aliyeichukua kazi hiyo, na dunia nzima imemjua kwa besi yake. Hakuanza kwa kuota besi. Alianza kwa kuliona pengo na kuingia ndani yake. Ndugu wapendwa, miito mingi ya kweli huanza hivyo. Mtu anaona jumuiya haina mwenye kuwafundisha watoto sala, anasema, “Haya, nitajaribu,” na miaka 30 baadaye tunamwita katekista.

Sababu ya pili ni kusikiliza. Tulipata kumwuliza mpigaji mmoja wa kwaya, kijana ambaye mikono yake inaliweza kabisa gitaa la solo, ni kwa nini ameng'ang'ania besi. Alijibu kwa maneno machache: “Padre, mpiga solo anasikilizwa. Mpiga besi anasikiliza.” Ndivyo ilivyo. Kazi yake yote inategemea kuwasikia wengine: ngoma imeingia wapi, mwimbaji amechoka au la, kinanda kimeharakisha au kimechelewa. Anaupenda wimbo mzima kuliko kipande chake. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kilichoko chini ya wimbo hakipatikani kwa mtu asiyependa kuinama.

Sababu ya tatu ni furaha ya kuwaona wengine wakicheza. Usiku, mtu aliye mitaa miwili mbali na ukumbi hayasikii maneno ya mwimbaji. Kinachomfikia kwanza, kikipita ukutani na kwenye vichochoro, ni ngoma na besi. Sauti ya chini husafiri mbali, na huingia mwilini kabla haijafika kwenye fikra. Sisi tuishio karibu na bandari tunalijua jambo hilo kwa njia nyingine. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizokubaliwa mwaka 1972, zinaagiza kwamba meli yenye urefu wa mita 200 au zaidi iwe na honi ya mitetemo 70 hadi 200 kwa sekunde, na chombo cha chini ya mita 75 kiwe na honi ya mitetemo 250 hadi 700. Kadiri chombo kilivyo kikubwa, ndivyo sauti yake inavyotakiwa kuwa ya chini. Boti ndogo hulia kwa sauti nyembamba; meli kubwa hunguruma, na Kigamboni yote ikasikia. Mwenye uzito hana haja ya kupiga mayowe.

Tena tusidanganyike kwamba besi ni gitaa la walioshindwa. Mpiga solo akikosea, kosa hupita kama ndege. Mpiga besi akikosea, wote hujikwaa, na hakuna ajuaye jiwe liko wapi. Ni kazi yenye dhamana kubwa na sifa ndogo.

Sasa tumrudie Andrea. Katika Injili ya Yohane anaonekana akitenda mara tatu, na mara zote tatu anamleta mtu au anampeleka kwa Yesu. Leo anamleta nduguye. Katika sura ya sita, umati una njaa, naye ndiye anayemwonyesha Bwana kijana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Katika sura ya kumi na mbili, Wayunani wanataka kumwona Yesu. Filipo anamwendea Andrea, nao wawili wanakwenda kumwambia Bwana. Hatuna hotuba ya Andrea kama ile ya Petro siku ya Pentekoste. Bwana alipopanda mlimani na kugeuka sura, aliwachukua Petro, Yakobo na Yohane. Andrea, aliyemleta Petro, alibaki chini. Maandiko hayasemi popote kwamba alinung'unika. Mchana ule, mnamo saa kumi, alikuwa ameonja kukaa na Yesu, na aliyekwisha kukaa na Yesu hahitaji tena kukaa mbele ya watu.

Wala Andrea hayuko peke yake katika masomo ya leo. Yohane Mbatizaji anawaonyesha wanafunzi wake Mwanakondoo wa Mungu, nao wanamwacha palepale na kumfuata mwingine. Ni mwalimu gani kati yetu anayeweza kufanya hivyo bila moyo kumwuma? Na katika somo la kwanza yuko mzee Eli. Sauti ya Mungu usiku ule haikumwita yeye. Ilimwita mtoto Samweli. Lakini mtoto hakuitambua sauti, akamkimbilia mzee mara tatu. Eli angeweza kukasirika kwa kuamshwa, au kuona wivu kwamba Mungu amempita yeye kuhani na kumwita mtumishi mdogo. Badala yake alimfundisha mtoto maneno ya kujibu. Samweli akawa nabii mkubwa. Jibu lililomfungulia njia alipewa na mzee aliyelala gizani. Hiyo ndiyo besi ya wito wa Samweli.

Hata hivyo, ndugu wapendwa, hapa hatuna budi kuwa waangalifu sana, maana mafundisho haya yanaweza kugeuzwa kuwa fimbo. Yuko mtu atakayemwambia mwenzake, “Wewe kaa chini, nyamaza, ndiyo unyenyekevu,” huku yeye mwenyewe amekishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Jina lenyewe la Kariakoo linatuonya. Linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika wengi sana walibebeshwa mizigo ya jeshi porini. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na kwa kukosa chakula. Wengi hawakuchagua kazi hiyo, walikamatwa. Mwaka 1927 iliwekwa katikati ya jiji Sanamu ya Askari. Maandishi yake yanawakumbuka pia wapagazi, yakisema kwamba walikuwa kwa jeshi kama miguu na mikono. Lakini sanamu yenyewe ina mtu mmoja, naye ameshika bunduki. Mpagazi hakuchongwa. Amebaki katika maandishi, na katika jina la mtaa ambalo watu hulitamka kila siku wakiwa wamebeba viroba na kusukuma mikokoteni, bila kujua wanamtaja nani.

Mzigo uliobandikwa kwa nguvu usiitwe besi. Mtume Paulo katika somo la pili anatufundisha kwamba miili yetu ni viungo vya Kristo na hekalu la Roho Mtakatifu, na kwamba tulikombolewa kwa gharama kubwa. Fundisho hilo analitoa kwanza dhidi ya uasherati, lakini msingi wake ni mpana: mwili wa mtu si chombo cha kutumiwa na kutupwa. Aliye mguu wa mwili wa Kristo si mtumwa wa aliye mdomo. Andrea alibaki chini ya mlima akiwa mtu huru. Mpagazi alibaki bila jina kwa sababu wenye kalamu hawakuona haja ya kuliandika. Kwa macho ya haraka wawili hao wanafanana, nao wanatofautiana kama mchana na usiku. Unyenyekevu ni zawadi anayoitoa mtu mwenyewe kutoka mfukoni mwake. Anayeinyakua kutoka mfuko wa mwenzake anaiba.

Tuone mfano mwingine kutoka ulimwengu wa muziki. Huko Detroit, Marekani, James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi sana zilizovuma za kampuni ya Motown katika miaka ya 1960. Dunia ilizicheza, lakini majina ya wapigaji hayakuandikwa kwenye majalada ya santuri hizo. Ilipofika mwaka 1971 ndipo jina lake lilipochapwa kwenye jalada la santuri ya Marvin Gaye. Jamerson alifariki mwaka 1983. Kuichagua sauti ya chini ni fadhila ya mpigaji. Kuliandika jina lake ni haki ambayo wengine wanadaiwa.

Ndugu zangu, jambo hili linatugusa katika parokia zetu kuliko tunavyokiri. Kwaya ngapi zimegawanyika kwa ugomvi wa nani aimbe peke yake? Jumuiya Ndogo Ndogo ngapi zinategemea mama mmoja, yule yule, mwaka baada ya mwaka, ajuaye nani ni mgonjwa, nani amefiwa, nani hajala, na siku anapougua yeye hakuna anayegonga mlango wake? Makatekista wangapi hutembea kwa miguu hadi kigangoni, na ruzuku yao ndogo ndiyo inayokuwa ya kwanza kusahauliwa mfuko unapopungua? Tumewaona waumini wazuri wakijitoa taratibu. Hawakupungukiwa na imani. Walichoka kubeba wimbo ambao hakuna aliyekubali kwamba wanaubeba wao. Na walipoondoka, tuliendelea kuimba kwa juma moja au mawili, kisha tukashangaa kwa nini miguu yetu haikubaliani tena.

Basi tunawaomba mambo matatu.

Ninyi mnaopiga sauti ya chini, jiulizeni mbele ya Mungu kama mmeichagua. Inawezekana ulianza kwa upungufu tu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Si neno, hata hivyo waweza leo kuichagua kwa hiari, kama mtu anayeoa upya mke wa ujana wake. Lakini kama umebebeshwa mzigo unaokuvunja, unyenyekevu haukukatazi kusema. Samweli alisikiliza, lakini pia aliondoka kitandani na kwenda kuuliza.

Ninyi mnaosimama mbele, nasi mapadre tukiwa wa kwanza, tujifunze kugeuka nyuma. Mpiga solo mwenye hekima humtazama mpiga besi kabla ya kuanza. Ngoma ivumayo sana haidumu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Petro mwenyewe, kila alipoitwa Mwamba, alipaswa kukumbuka mkono wa nani ulimshika akaja.

Na sisi sote, juma hili, katika mkutano wa jumuiya, tumtafute mtu mmoja ambaye kazi yake imetubeba bila kutajwa. Anaweza kuwa ni yule afuaye vitambaa vya altare, au yule afunguaye kanisa alfajiri, au yule mzee wa sauti ya nne asiyewahi kukosa mazoezi. Tumtaje kwa jina lake lote, mbele ya watu, naye akiwa hai. Tusisubiri kulisoma siku ya mazishi.

Mwinjili hakututajia jina la mwanafunzi yule wa pili. Lakini siku ile Bwana aligeuka, akawaona wote wawili wakimfuata, na wote wawili akawaalika waje waone. Jina ambalo sisi hatulijui, Yeye alilijua.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwita Andrea kabla ya nduguye, utujalie masikio ya kuwasikia wenzetu, moyo huru wa kukaa chini bila uchungu, na ujasiri wa kuwainua waliowekwa chini bila hiari yao. Na wimbo wetu wote uwe kwa utukufu wako, unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.